Manacor badala ya New York: ratiba iliyomrudisha Andy Murray kutoka nafasi ya 503

Mwishoni mwa Agosti 2019, wachezaji bora wa tenisi duniani walipokuwa wakikusanyika New York kwa ajili ya US Open, bingwa wa mashindano hayo wa mwaka 2012 alikuwa Manacor, mji wa nyumbani kwa Rafael Nadal katika kisiwa cha Mallorca, akicheza mashindano ya daraja la Challenger, ngazi iliyo chini ya mashindano makuu, dhidi ya kijana Mfaransa wa miaka 17. Andy Murray alishinda 6-0, 6-1. Akamtoa pia Norbert Gombos wa Slovakia, kisha akatolewa na Mwitaliano Matteo Viola katika raundi ya tatu. Kwa mtu aliyewahi kuwa namba moja duniani, mwenye mataji mawili ya Wimbledon na medali mbili za dhahabu za Olimpiki katika mchezo wa mmoja mmoja, wapo walioiona wiki ile kuwa ya kushuka hadhi. Mimi naiona kuwa wiki yenye uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya tangu nyonga yake ilipoanza kumsumbua.

Mchezaji anayerudi baada ya jeraha kubwa harudishiwi nafasi yake na kipaji, na wala jina halimsaidii sana. Kinachomrudisha ni mechi anazoweza kuzicheza, akazishinda, na akaamka kesho yake akiwa bado na uwezo wa kucheza nyingine. Mechi hizo hupatikana au hukosekana kwa namna ratiba ilivyopangwa, wiki nyingi kabla ya mpira wa kwanza kupigwa.

Orodha ya viwango vya tenisi ni kali kwa mgonjwa. Pointi hukaa kwenye hesabu kwa wiki 52 tu. Aliyetwaa taji mwezi Oktoba hupoteza pointi za taji hilo Oktoba inayofuata, awe amerudi kulitetea au awe amelazwa. Bingwa wa Grand Slam, yaani mojawapo ya mashindano manne makubwa kuliko yote, hupata pointi 2,000, wa Masters, ngazi inayofuata, hupata 1,000, chini yake yapo mashindano ya 500 na ya 250, na Challenger humpa bingwa wake kati ya 50 na 175 kutegemea ukubwa wake. Anayetolewa raundi ya kwanza ya Grand Slam huondoka na pointi 10. Murray alicheza mechi yake ya mwisho ya mwaka 2017 katika robo fainali ya Wimbledon, akafungwa na Sam Querrey kwa seti tano huku akichechemea. Kwa kuwa hakuwa anaongeza chochote, kila wiki iliyofuata ilimpunguzia kitu, na Julai 2018, pointi za robo fainali ile zilipoondoka, alijikuta katika nafasi ya 839.

Chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume, ATP, kina kanuni ya kumlinda mtu wa namna hiyo. Mchezaji aliyekaa nje kwa miezi sita au zaidi anaweza kuomba nafasi iliyolindwa, ambayo ni wastani wa nafasi zake katika miezi mitatu ya kwanza ya kuumia kwake. Nafasi hiyo humwezesha kuingia katika mashindano tisa au kwa muda wa miezi tisa. Akiwa amekaa nje mwaka mzima au zaidi, hupewa mashindano 12 au miezi 12. Kanuni ni ya haki na sina ugomvi nayo. Lakini wanaoisifu husahau mipaka yake. Humfungulia mchezaji mlango wa droo, yaani orodha ya watakaocheza, basi. Haimpi pointi hata moja, na haimweki miongoni mwa wale 32 wanaopangwa ili wasikutane na vigogo mapema. Mtu anaingia akiwa na hadhi ya zamani kwenye karatasi, mwili wa leo uwanjani, na pengine namba tatu wa dunia akimsubiri upande wa pili wa wavu. Ni mkopo, na kama mkopo wowote, una tarehe ya mwisho; anayeutumia kabla hajawa na mechi miguuni huumaliza bila kununua kitu.

Tuutazame mwaka 2018 wa Murray, maana ndani yake lipo kosa ambalo mwaka 2019 ulilisahihisha. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga Melbourne mwezi Januari. Akarudi Juni kwenye nyasi za Queen's, London, akafungwa na Nick Kyrgios, akacheza Eastbourne, akajitoa Wimbledon siku moja kabla ya mashindano kuanza, kwa sababu mechi za seti tano zingekuwa mzigo wa mapema mno. Hadi hapo alikuwa mwangalifu. Kisha akaenda Washington, mashindano ya kiwango cha 500, kwenye joto la kiangazi cha Marekani na mvua zilizovuruga ratiba za kila siku. Alishinda mechi tatu, na kila moja ilikwenda seti tatu. Ya tatu, dhidi ya Marius Copil wa Romania, ilimalizika saa tisa na dakika mbili usiku. Murray aliketi kwenye kiti chake, akajifunika uso kwa taulo, akalia kwa muda mrefu, mabega yakitikisika mbele ya watazamaji wachache waliokuwa wamebaki. Robo fainali hakuicheza. Alijitoa, na mashindano ya Toronto yaliyofuata akajitoa pia.

Wengi waliyaona machozi yale kama ya furaha au ya uchungu wa kimwili tu. Tukiiangalia wiki ile kama hesabu, tunaona mtu aliyelipa bei ya mechi tatu ngumu na kunyimwa kile ambacho mechi hizo zilipaswa kumpa, yaani nafasi ya kuendelea. Na nisiwaache waandaaji. Kumpeleka mtu uwanjani usiku wa manane ni uamuzi wa binadamu, na tenisi imeendelea kuufanya: Januari 2023, Melbourne, Murray huyohuyo alimshinda Thanasi Kokkinakis kwa seti tano katika mechi iliyomalizika baada ya saa kumi alfajiri, na raundi iliyofuata akaondolewa na Roberto Bautista Agut. Mchezaji anaweza kupanga mwaka wake kwa umakini wote, halafu saa ya kuanza mechi ikaamuliwa na mtu asiyeijua nyonga yake.

Upasuaji ule wa kwanza haukuiponya nyonga. Januari 2019 Murray alisema mbele ya waandishi wa habari, akibubujikwa na machozi, kwamba huenda Australian Open ile ingekuwa mashindano yake ya mwisho, na mwishoni mwa mwezi huohuo, London, alifanyiwa upasuaji wa pili. Safari hii madaktari walikivisha kichwa cha mfupa wa paja kofia ya chuma na kuweka chuma ndani ya tundu lake. Alirudi uwanjani Juni, lakini kwa mchezo wa wawili wawili, akiwa na Feliciano López kwenye nyasi zilezile za Queen's, na wakatwaa taji.

Kipindi hicho cha wawili wawili hutajwa kama simulizi tamu ya kando, ilhali kilikuwa sehemu ya mpango. Katika mchezo huo mtu hulinda nusu ya uwanja, kurudishiana mpira huwa kwa muda mfupi, na mzigo wa kukimbia hugawanywa. Hata hivyo anapokea servisi za wachezaji wa kulipwa mbele ya uwanja uliojaa, na anajifunza tena kutuliza mkono pointi inapokuwa ya kuamua. Mazoezi hayawezi kukupa hayo.

Agosti akaanza mmoja mmoja. Alipewa nafasi ya mwaliko Cincinnati, akafungwa na Richard Gasquet. Akaenda Winston-Salem, akafungwa na Tennys Sandgren. Mechi mbili, vipigo viwili, na wiki iliyofuata ilikuwa US Open. Hapa ndipo mchezaji wa hadhi yake huvutwa kuelekea kwenye taa: Grand Slam aliyowahi kuitwaa, malipo makubwa hata kwa anayetolewa mapema, na mashabiki wanaodai kumwona. Murray aliiacha New York, mmoja mmoja na wawili wawili, akaenda Manacor kutafuta kitu ambacho Cincinnati na Winston-Salem hazikumpa, yaani kushinda, kupumzika usiku mmoja, na kurudi uwanjani tena wiki hiyohiyo.

Baada ya hapo alielekea China. Zhuhai alikutana tena na Sandgren, yuleyule aliyemfunga mwezi mmoja kabla, akamshinda, kisha akafungwa na Alex de Minaur. Beijing aliingia akiwa nafasi ya 503 duniani, akamshinda Matteo Berrettini aliyekuwa ametoka kucheza nusu fainali ya US Open, akamshinda Cameron Norrie, akafungwa na Dominic Thiem. Shanghai alishinda moja na kupoteza moja, mbele ya Fabio Fognini, kwa taibreka, yaani mchezo mfupi wa kuamua seti iliyofungana, ya seti ya tatu. Wiki iliyofuata akavuka hadi Antwerp, Ubelgiji, mashindano ya 250 ya ndani, na huko akacheza mechi tano. Katika robo fainali alikutana na Marius Copil, mpinzani wa usiku ule wa Washington, akamshinda kwa seti tatu. Fainali ilikuwa dhidi ya Stan Wawrinka, bingwa mwingine wa Grand Slam aliyetoka kwenye upasuaji wa goti. Murray alipoteza seti ya kwanza, akawa nyuma katika ya pili, akamaliza 3-6, 6-4, 6-4. Pointi 250 zilimpandisha kutoka nafasi ya 243 hadi ya 127 kwa wiki moja.

Hizo ni mechi 12 katika wiki nne mfululizo. Msomaji anayedhani ratiba ya uangalifu maana yake ni kupumzika sana aitazame tena namba hiyo. Murray hakupumzika. Alibadilisha aina ya mzigo: mechi zote zilikuwa za kushinda seti mbili kati ya tatu, wapinzani walipanda ngazi kwa ngazi, na mashindano yalifuatana wiki kwa wiki ili kile alichokipata Zhuhai kisipoe kabla ya Beijing. Mwili uliotengenezwa upya hujifunza kwa kurudia, na kurudia huhitaji mechi zenye uwezekano wa kushinda, kwa sababu anayetolewa raundi ya kwanza hukaa siku tano hotelini bila kurudia chochote.

Natamani habari ingeishia Antwerp. Mwezi mmoja baadaye Murray alivaa jezi ya Uingereza katika Kombe la Davis, Madrid, akapambana na Tallon Griekspoor kwa karibu saa tatu katika mechi aliyoishinda kwa taibreka ya seti ya mwisho. Akatoka na maumivu ya mfupa wa nyonga yaliyomzuia kwenda Australian Open ya 2020, na kabla hajarudi vizuri, ugonjwa wa korona ukasimamisha tenisi yote. Mpango uliolindwa kwa miezi ulipasuka kwa mechi moja ya heshima ya taifa. Sisemi mchezaji asiitumikie nchi yake. Nasema nahodha wa timu ya taifa naye ni sehemu ya ratiba ya mgonjwa, na anapaswa kukaa meza moja na daktari na kocha kabla ya kutaja kikosi.

Thiem, aliyemfunga Murray pale Beijing, alikuja kupita njia hiyohiyo kwa mkondo tofauti. Bingwa wa US Open wa mwaka 2020 aliumia kifundo cha mkono wa kulia Juni 2021, Mallorca, na akarudi Machi 2022. Alianza na Challenger moja, Marbella, akafungwa. Badala ya kubaki katika daraja hilo, alipanda moja kwa moja kwenye msimu wa udongo wa Ulaya: Belgrade, Estoril, Madrid, Rome, Geneva na Roland Garros, yaani French Open. Alifungwa kote huko katika mechi ya kwanza. Madrid mpinzani wake alikuwa Murray mwenyewe, aliyeshinda 6-3, 6-4. Kufikia Juni alikuwa nafasi ya 352. Ilipofika Julai alishuka tena hadi Challenger, Salzburg, na hapo ndipo alipoonja ushindi. Muda mfupi baadaye, Båstad, Sweden, akashinda mechi yake ya kwanza ya ngazi ya ATP tangu Mei 2021. Alifunga mwaka akiwa wa 102.

Lazima niwe wa haki kwa Thiem. Kifundo cha mkono si nyonga, na mchezaji ambaye sehemu kubwa ya nguvu yake ilikuwa katika pigo la kulia hawezi kufichwa na ratiba wakati pigo hilo halipo. Alistaafu Oktoba 2024 mbele ya watu wake wa Vienna, na hakuna kalenda ambayo ingebadilisha hilo kwa hakika. Lakini mashindano yale sita makubwa yalimfundisha jambo moja tu, kufungwa, wiki baada ya wiki, hadharani. Kama wiki nne za Aprili na Mei angezitumia katika Challenger za Italia na Hispania, pengine Salzburg isingesubiri hadi Julai.

Kosa la upande wa pili lipo pia, la kucheza kidogo mno. Emma Raducanu, Mwingereza aliyefanyiwa upasuaji wa mikono yote miwili na kifundo cha mguu mwaka 2023, alianza 2024 akiwa nje ya 300 bora. Uamuzi wake wa kuacha mechi za kufuzu za French Open ili ajiandae kwa nyasi ulilaumiwa, na naamini lawama zile hazikuwa na msingi: alifika nusu fainali Nottingham, robo fainali Eastbourne, na raundi ya nne Wimbledon. Alipojitoa katika mchezo wa mchanganyiko, wa mwanamume na mwanamke upande mmoja, aliokuwa acheze na Murray huko Wimbledon, kwa sababu kifundo cha mkono kilikuwa kimekaza, alishambuliwa kana kwamba amemwibia mzee wake kuaga kwake, ilhali alifanya kile ambacho Murray mwenyewe alikuwa amekifanya kwa miaka. Hata hivyo, kuelekea US Open alicheza Washington peke yake, akaziacha Toronto na Cincinnati ambako angelazimika kupitia mechi za kufuzu, na New York akatolewa na Sofia Kenin raundi ya kwanza. Mechi za kufuzu hazina hadhi, lakini zina mechi.

Somo gumu zaidi la ratiba alilipata Murray mwenyewe, mwaka 2023. Baada ya kutolewa mapema Miami, Monte Carlo na Madrid, alikwenda Aix-en-Provence, Challenger ya pointi 175, akamshinda Tommy Paul katika fainali. Akaiacha French Open, akaenda Surbiton akashinda, akaenda Nottingham akashinda, yote kwa lengo moja la wazi: kuwa miongoni mwa 32 wanaopangwa Wimbledon. Alifika nafasi ya 38. Fainali ya Nottingham ilikuwa Jumapili. Jumanne alikuwa Queen's mbele ya De Minaur, akafungwa 6-3, 6-1. Hakupangwa. Raundi ya pili ya Wimbledon akamkuta Stefanos Tsitsipas, wa tano katika upangaji, na akafungwa kwa seti tano zilizochezwa kwa siku mbili. Mpango ulikuwa sahihi, na ulikosa kwa ushindi wa mechi chache tu. Waliosema alipoteza muda kwenye Challenger hawakuzingatia kwamba bila Challenger hizo asingelifikia lengo hata kwa kulinusa.

Lipo pingamizi moja ambalo nalikubali. Murray alikuwa na jina, na jina humpa mtu nafasi za mwaliko pamoja na fedha za kusafiri na daktari wake kutoka Zhuhai hadi Antwerp. Mchezaji aliye nafasi ya 600 hana hayo. Akipata nafasi iliyolindwa, inamrudisha tu kwenye mashindano ya M15, ngazi ya chini kabisa ya kulipwa, ambayo mfuko wake wote wa zawadi ni dola 15,000 za kugawana wachezaji wote, wakati kwa Grand Slam kama US Open ya 2024, aliyetolewa raundi ya kwanza peke yake alilipwa dola 100,000. Ndiyo maana simlaumu mchezaji anayetumia nafasi yake iliyolindwa kwenye Grand Slam akijua atafungwa: hundi ile inaweza kulipia miezi mingi ya Challenger, mradi iende huko kweli.

Kwa wachezaji wa kwetu, jambo hili lina sura ya nauli. Nairobi au Dar es Salaam ziko mbali na kalenda ya tenisi, na mchezaji aliyetoka kwenye jeraha hawezi kuruka bara moja hadi jingine kila wiki kutafuta raundi ya kwanza. Lakini ipo miji inayoandaa mashindano madogo wiki baada ya wiki mahali palepale, kama Monastir nchini Tunisia na Antalya nchini Uturuki, ambako mtu hukaa mwezi mzima kwa tiketi moja, akifungwa Jumanne anafanya mazoezi hadi Jumatatu inayofuata. Na tangu 2024 Kigali imekuwa mwenyeji wa Challenger za wiki mbili mfululizo kwenye viwanja vya udongo, umbali wa safari fupi ya ndege kutoka miji yetu mingi. Vyama vya tenisi vya ukanda huu vinapopanga bajeti za mwakani, fedha za mchezaji aliyetoka hospitalini ziwekwe kwenye wiki hizo, zikiwa zimeandikwa kwa majina na tarehe, kabla ya kuzungumzia safari yoyote ya mashindano makubwa.